Mawindo Madogo ya Nchi ya Singida

Mtu akisoma vitabu vya habari za kale za bara, atakuta habari nyingi sana za tembo. Atasoma bei ya pembe, njia za misafara, majina ya matajiri waliokwenda Tabora na Ujiji, na hesabu ya bunduki walizochukua. Lakini akitaka kujua wenyeji wa nchi hizo walikula kitoweo gani siku wasizochinja, na watoto wao walijifunza wapi kutega na kunyatia, vitabu hivyo havimwambii mengi. Habari hizo ziliandikwa na watu waliofuata pembe, nao walimpita sungura, dikidiki na kanga pasipo kuwaona.

Katika maneno haya tumekusudia kueleza mawindo madogo ya nchi ya Singida: ni wanyama gani waliopendwa, waliwindwaje, ni nani aliyewawinda, na ni mambo gani yaliyoupata uwindaji huo tangu zilipoingia sheria za serikali. Neno letu kubwa ni hili. Uwindaji mdogo ulikuwa na kiasi chake, na kiasi hicho hakikutoka katika amri iliyoandikwa, wala katika wema wa mwindaji peke yake. Kilitoka katika kamba yake, katika miguu yake na katika chungu cha nyumba yake. Vyombo vilipobadilika, kiasi kikapotea. Sisi walimu na wachungaji ndio tulioachiwa kazi ya kukifundisha upya, wala hatuwezi kukifundisha tusipokijua.

Nchi, na njaa ya msafara mmoja

Singida ilifanywa mkoa peke yake mwaka 1963. Katikati wanakaa Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi. Kaskazini wako Wanyiramba na Waisanzu. Kusini, pande za Manyoni, wako Wagogo na Wakimbu. Tena wako Wataturu wafugaji, na upande wa Munguli, kuelekea bonde la ziwa Eyasi, wako Wahadzabe wachache. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, na miezi mingine yote nchi ni kavu. Watu wengi ni wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Kwa hiyo uwindaji kwao haukuwa kazi ya kila siku. Ulikuwa nyongeza ya shamba na zizi, ila kwa Wahadzabe ambao maisha yao yote yalitegemea pori.

Nchi hii ina mambo mawili yapasayo kukumbukwa katika habari hizi. La kwanza ni majabali yake makubwa yaliyotapakaa kuzunguka mji wa Singida na kuendelea Iramba, yenye nyufa na mapango. La pili ni vichaka vya Itigi upande wa kusini. Miti ya vichaka hivyo si mirefu, lakini imesongamana hata mtu mzima hawezi kupita wima, hana budi kuinama na kutambaa. Wasafiri wa njia ya Tabora waliliogopa pori la pande hizo, nao wakaliita Mgunda Mkali. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na kila msafara ulifanya haraka kulivuka kabla ya kwisha maji na posho.

Yaliyompata Stanley mwanzoni mwa mwaka 1875 yanafaa kusimuliwa hapa. Alitoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, akaiacha njia ya misafara katika Ugogo, akashika njia ya kaskazini kuelekea Uturu. Katika pori lililo kati ya nchi hizo mbili njia ilipotea, chakula kikaisha, na baadhi ya watu wake wakafa kwa njaa na uchovu. Walikuwamo wapiga bunduki hodari katika msafara ule, lakini mawindo yalikosekana. Yeye mwenyewe ameandika kwamba waliona watoto wawili wa simba katika pango, wakawaua, wakaliwa. Kisha sanduku la bati la nguo likatolewa vitu, likatiwa maji, na uji mwembamba ukapikwa humo ugawiwe watu wote, hata wenzao waliotumwa mbele walipoleta nafaka kutoka Suna. Muda mfupi baadaye mwenzake Mwingereza, Edward Pocock, alikufa kwa homa katika nchi hiyo hiyo ya Uturu.

Yatupasa tulitazame jambo hili vizuri. Pori lile ni makao ya dikidiki, kanga na kwale, na wenyeji wa kando yake walijua kupata kitoweo humo. Lakini bunduki haimpati mnyama wa kimo cha goti asiyeonekana ndani ya miiba. Humpata mtu ajuaye njia yake, pumziko lake na saa yake ya kunywa maji. Msafara ulikuwa na baruti, haukuwa na maarifa. Ndiyo maana twasema kwamba mawindo madogo ni elimu kwanza, ndipo yawe chakula.

Wanyama wenyewe

Wa kwanza ni dikidiki, ambaye wengine humwita digidigi au suguya. Jina lake limetoka katika mlio wake anapostuka. Wataalamu wa Ulaya wamempa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Uzito wake ni kilo 4 hata 6 tu. Hukaa wawili wawili, dume na jike, na kila jozi ina eneo lake isilopenda kuliacha. Huweka samadi yake mahali pamoja, tena hurudia njia zile zile kila siku, nyembamba kama njia za mbuzi. Aweza kukaa muda mrefu bila kunywa, maana hupata maji katika majani na umande. Tabia hizo ndizo zilizomponza. Mtegaji hakuwa na haja ya kumfukuza. Alitafuta chungu ya samadi, akaifuata njia, akaziba pande mbili kwa miiba na kuacha upenyo, akatega hapo mtego wa kufyuka. Mti mchanga huinamishwa, ncha yake ikafungwa kamba yenye tanzi, na kijiti kidogo kikaushika. Mnyama akikigusa kijiti, mti hufyuka, tanzi likamkaza.

Wa pili ni sungura. Yeye hachimbi shimo. Hulala mchana katika kijilalo kidogo chini ya majani, na usiku hutoka kula. Mtu aweza kumkaribia hata hatua chache naye asiondoke, akitumaini rangi yake; kisha huruka ghafula na kukimbia kwa kupinda huku na huku. Kwa hiyo aliwindwa na watu wengi pamoja, wavulana wakiwa wamejipanga mstari na fimbo na marungu mkononi, na mbwa wakitangulia. Kazi hii ilifanywa zaidi baada ya mavuno, mashamba yalipokuwa wazi. Ajabu yake ni hii, kwamba mnyama huyu aliyepigwa na kila mtoto ndiye mshindi wa hadithi zote. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyekaa pande za Isanzu na Eyasi katika miaka ya 1930, alikusanya hadithi nyingi za Wahadzabe, Waisanzu na Wanyiramba, na katika nchi zetu zote sungura humshinda fisi, simba na tembo. Twaona si bahati tu. Watu humsifu kwa werevu mnyama aliyewaponyoka mara nyingi.

Wa tatu ni ndege wa chini: kanga, kwale na kering'ende. Kanga hutembea kwa makundi, hupenda kukimbia kuliko kuruka, na usiku hupanda mtini kulala. Asubuhi na jioni huenda majini. Katika majira ya kupanda hufukua mbegu shambani, na kwa hiyo kumnasa kanga kulikuwa kazi mbili kwa moja: kulinda shamba na kupata kitoweo. Tanzi ndogo ndogo nyingi zilifungwa katika kamba moja ndefu, ikalazwa penye njia ya majini au kando ya shamba, na punje chache zikamwagwa kuwa chambo. Waswahili wamempenda ndege huyu hata wakasema, "Kanga hazai ugenini", nao wengi husema kwamba nguo ya kanga imepata jina lake katika madoa yake.

Wa nne ni pimbi, aitwaye pia pelele, na katika Biblia zetu wibari. Majabali ya Singida na Iramba ndiyo mji wake. Asubuhi hutoka kuota jua juu ya jiwe, na mmoja wao hukaa akiangalia. Akiona tai au mtu hupiga kelele, wote wakaingia ufani. Kitabu cha Mithali kimemtaja miongoni mwa viumbe vidogo vyenye akili, kwa sababu ijapokuwa hana nguvu, hujenga nyumba katika mwamba. Wataalamu wa siku hizi wameonyesha kwamba jamaa zake wa karibu si panya wala sungura, bali ni tembo na nguva. Mwindaji hana budi kumvizia kwa upinde toka alfajiri, au kuziba nyufa nyingine zote na kuacha moja. Na wavulana wenye mikono myembamba ndio wafaao kazi hiyo.

Hapa mwalimu wa dini hana budi kuwa tayari, maana swali lake ni jepesi kuzuka darasani. Torati, katika kitabu cha Walawi, inamkataza Mwisraeli kula wibari na sungura pia, nao ni kitoweo cha wanafunzi wetu. Jawabu limo katika Matendo ya Mitume sura ya 10, katika maono ya Petro huko Yafa. Lakini lisitolewe kwa haraka hata mtoto adhani kwamba Torati haina la kumfundisha mwindaji. Tutalirudia jambo hili mbele.

Wa tano ni nungunungu, mwizi wa viazi na karanga usiku. Watu wengi husema kwamba hurusha miiba yake kama mishale, walakini si kweli. Miiba hulegea na kumchoma anayemgusa. Kwa kuwa hukaa shimoni, huchimbwa au hutolewa kwa moshi, na mbwa asiye na akili hurudi na mdomo uliojaa miiba. Nyama yake ina mafuta mengi, na kwa sababu hiyo wengi humpenda kuliko wote.

Mwisho yafaa kumtaja kwelea kwelea, ndege mdogo kabisa ajaye kwa makundi kama wingu na kumaliza mtama na uwele kabla ya mavuno. Katika Kondoa, jirani ya Singida, watu wamekuwa wakimnasa kwa wingi na kumla. Serikali humpiga kwa sumu kutoka angani. Mtegaji wa kienyeji alimpiga kwa wavu na kumtia chunguni. Ndege anayenyunyiziwa sumu hafai kuliwa, na hapo njia hizi mbili hugombana.

Nani aliyewinda, na nani aliyekula

Mnyama mkubwa alikuwa jambo la nchi. Kwa Wanyamwezi na Wakimbu pembe moja ya tembo ilikuwa haki ya mtemi, nayo ngozi ya simba ilipelekwa kwake. Nyama yenyewe iliita kijiji kizima, na palikuwa na ugomvi wa kugawa. Mnyama mdogo hakuwa na neno na mtemi. Aliingia nyumbani mkononi mwa mtoto, akapikwa jioni ile ile, akaisha. Ndiyo sababu hakuacha alama katika habari za watawala.

Wahadzabe wametuonyesha tofauti hiyo wazi kuliko wote. Kwao ziko sehemu za nyama ya wanyama wakubwa ziitwazo epeme, zilizo za wanaume waliokwisha kuingizwa tu, na wanawake na watoto hawaruhusiwi kuzigusa. Lakini pimbi, dikidiki na kanga hawana epeme. Hata mishale ni mbali mbali. Kwa mnyama mkubwa hutumia mshale wa chembe cha chuma, uliopakwa sumu. Moja ya sumu hizo, panjube, hutoka katika mti mdogo wenye shina nene na maua mekundu umeao katika nchi kavu. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mshale wenye ncha ya mti tu, usio na sumu. Mtoto wa kiume hupewa upinde wake mdogo tangu utoto, naye hucheza nao mchana kutwa, akipiga ndege na mijusi, hata mkono ukazoea. Chuma cha chembe walikipata kwa majirani zao, Waisanzu na wengine, kwa kubadilishana nyama na asali. Basi hata watu wa pori hawakuwa peke yao. Upinde wao ulikutana na jembe la mkulima.

Kwa wakulima na wafugaji, shule ya uwindaji ilikuwa machungani. Mtoto anayechunga mbuzi na ndama ana siku nzima ya kutazama. Huko alijifunza kusoma nyayo, kuujua upepo, kutofautisha samadi ya jana na ya leo, kusokota kamba kwa nyuzi za mbuyu au za mkonge wa porini, na kukaa kimya. Twajua sana sisi walimu jinsi ilivyo vigumu kumfundisha mtoto kukaa kimya na kutazama. Machungani lilikuwa jambo jepesi, kwa sababu asiyetazama alirudi nyumbani mikono mitupu, na ndugu zake wakamcheka.

Tena tusisahau nafasi ya wanyonge. Mjane asiye na ng'ombe, mzee asiye na nguvu, mtoto yatima, wote hao hawakuweza kuchinja; lakini mtego wa kwale haukuuliza mali ya mwenyewe.

Katika siku za njaa

Jambo hili lilidhihirika zaidi katika njaa. Ile ya Vita Kuu ya kwanza Wagogo wameiita Mtunya, nayo ilidumu tangu 1917 hata 1920, ikizishika na pande za Manyoni. Sababu zake twazijua: majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, wanaume wenye nguvu wakachukuliwa kuwa wapagazi, mvua zikakosekana, na mwisho ikaja homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 na 1919. Zizi lilipokuwa tupu na ghala tupu, watu walirudi porini kutafuta mizizi, majani, matunda ya mbuyu na wanyama wadogo.

Hatusemi kwamba sungura aliiokoa nchi. Njaa kubwa huwashinda wote, na katika ukame wanyama nao hupungua. Lakini mwenye maarifa ya mtego alikuwa na siku chache zaidi kuliko asiye nayo, na katika njaa siku chache ni uhai. Kwa hiyo mtu asiyaite maarifa hayo mchezo wa watoto.

Sheria na mtego wa panya

Sasa twafika kwenye jambo zito. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni ya Wajerumani, ikitaka leseni na kutenga mahali pa kuhifadhi wanyama. Haikuwa amri isiyo na sababu. Biashara ya pembe ilikuwa imewamaliza tembo pengi, na sotoka ya mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa imeua ng'ombe na nyati na wanyama wengine wasiohesabika. Mwaka 1900 wajumbe wa dola za Ulaya walikutana London, wakafanya mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika; na katika mapatano hayo walitaka nyavu na mashimo ya kutegea vipigwe marufuku. Mapatano yenyewe hayakupata nguvu, kwa kuwa si dola zote zilizoyathibitisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za nchi. Waingereza walitoa sheria yao mwaka 1921, nyingine mwaka 1940, na nyingine tena mwaka 1951. Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1974, na baada yake ile ya mwaka 2009 ambayo ndiyo inayotumika.

Sheria hizi zilitungwa kwa kumfikiri tembo, kifaru na simba, na kwa kumfikiri mwindaji mwenye bunduki. Kwa mtu huyo leseni ni jambo jepesi. Lakini neno "mtego" likiisha andikwa katika sheria, halitofautishi tanzi la kwale na shimo la nyati. Waswahili husema, "Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo." Ndivyo ilivyokuwa. Amri iliyowekwa kwa ajili ya pembe ikamnasa mtoto mwenye dikidiki mmoja begani. Leo pia mtu hana ruhusa kuwinda hata dikidiki au kanga bila leseni, na mitego, nyavu na sumu vimekatazwa. Tangu mwaka 2020 ziko kanuni za mabucha ya nyamapori, ili mtu apate kununua nyama hiyo kwa halali. Lakini bucha hutaka fedha, na mjane wa kale hakuwa na fedha, alikuwa na kamba.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuilaumu sheria na kuisifu zamani. Zamani watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa. Leo vichaka vimekatwa kwa mashamba na mkaa, na mahali palipokuwa na jozi nyingi za dikidiki pana shamba la alizeti. Tena vyombo vimebadilika, na hili ndilo neno tulilolitaja mwanzo. Kamba ya mbuyu huoza. Mtegaji akisahau mtego wake, mvua chache zikipita tanzi limekatika, na mnyama hupita salama. Kusokota kamba nyingine ni kazi, kwa hiyo mtu hakutega mitego mia, alitega michache aliyoweza kuizungukia kwa miguu kila asubuhi. Lakini waya wa chuma hauozi. Mtu aweza kutega mingi kwa siku moja, akaondoka, akafa, na waya ukaendelea kuua, dikidiki mwenye mimba na mbuzi wa jirani pamoja. Kadhalika taa kali ya usiku humpumbaza sungura asikimbie, na pikipiki humfikisha mwindaji katika siku moja mahali ambapo babu yake hakufika katika mwaka. Na wala hawindi kwa ajili ya chungu chake, awinda kwa ajili ya soko, nalo soko halishibi.

Basi kiasi cha zamani kilikuwa ndani ya vyombo. Kamba ilimwambia mtu "Basi", miguu ikamwambia "Rudi", na chungu kikamwambia "Yatosha". Vitu hivyo vitatu vimenyamaza. Sheria nayo imejaribu kusema mahali pao, lakini imesema kwa kukataza tu, haikusema kwa kufundisha. Kwa hiyo mtoto amekatazwa asichoelezwa. Akiogopa askari wa wanyamapori, hutega usiku. Na atengaye usiku hatembelei mtego wake kila asubuhi. Maarifa ya babu yamefichwa pamoja na hatia, na kilichobaki ni kuua bila kujua.

Neno kwa walimu na wachungaji

Twafanyaje? Hatuwezi kuwaambia watu wavunje sheria, wala hatutaki. Lakini yako mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kuandika. Majina ya wanyama hawa, ya mitego, ya miti ya kamba na ya sehemu za mtego, katika Kirimi, Kinyiramba, Kiisanzu na Kihadza, yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanapita. Mchungaji Elmer Danielson, wa misheni ya Augustana, alifanya vizuri kukusanya mithali za Wanyiramba na kuzichapisha katika miaka ya 1950. Kazi kama hiyo yafaa kufanywa kwa maneno ya pori. Mwalimu mwenye daftari na mzee mmoja aweza kufanya mengi katika likizo moja. Aulize mtego unaitwaje, kila kijiti chake kinaitwaje, unategwa majira gani, na ni siku gani au mahali gani mtu alikatazwa kutega. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa, maana huko ndiko kiliko kiasi.

La pili ni kutofautisha watu. Neno "jangili" limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Mwenye kutega waya mia kwa ajili ya soko na mtoto aliyepiga kwale kwa kombeo hawakufanya jambo moja, ijapokuwa wote wawili watashitakiwa. Mchungaji akiwaita wote kwa jina moja, yule wa kwanza atafurahi kupata wenzake wengi, na huyu wa pili atajifunza kwamba hakuna tofauti.

La tatu ni kufundisha kiasi kwa maneno, kwa kuwa kamba haikifundishi tena. Hapa ndipo Torati tuliyoitaja inapoturudia. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 iko amri ndogo, ambayo wasomaji wengi huipita upesi: mtu akikuta kiota njiani, na mama ameyalalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na watoto, amwache mama aende zake. Na amri hiyo ndogo imepewa ahadi kubwa, kupata heri na kuishi siku nyingi. Haikumkataza mwenye njaa kula. Ilimwambia aache kitu ili kesho iwepo. Mzee wa Iramba aliyeacha jike la kanga lililalie mayai yake hakuisoma sura hiyo, lakini hangeishangaa.

Vichaka vya Itigi vingalipo, ingawa vimepungua, na pimbi wangali wakiota jua juu ya majabali ya Singida. Watoto nao wangali wakichunga. Wakifundishwa kuhesabu jozi za dikidiki za kilima chao jinsi wanavyohesabu mbuzi zao, watajua zimebaki ngapi. Na mtu ajuaye zimebaki ngapi ndiye awezaye kusema "Yatosha" bila kuambiwa na askari.